Mguu wa Maziwa

Leo tunauliza: kwa nini mguu uliovimba baada ya kujifungua huendelea kusumbua miaka mingi baadaye? Ili tupate jibu, twende kwanza Ulaya ya kale.

Katika miaka ya 1700, mama wa Ulaya akijifungua kisha mguu mmoja uvimbe, uwe mweupe na uume sana, madaktari wengi walisema maziwa yamepotea njia yakateremkia mguuni. Wakauita mguu wa maziwa. Mwaka 1784, Charles White wa Manchester, Uingereza, alikataa maelezo hayo. Hata hivyo, chanzo chenyewe hakukipata. Mwaka 1823, David Davis wa London alieleza alichokiona katika maiti za akina mama waliokufa kwa ugonjwa huo: mishipa mikubwa ya nyonga ilikuwa imezibwa na damu iliyoganda. Maziwa hayakuwa na hatia.

Dawa ilichelewa. Heparini, inayozuia damu kuganda, iligunduliwa Marekani mwaka 1916, na wagonjwa wakaanza kuipata katika miaka ya 1930. Wakati huo wazazi walikuwa bado wakilazwa kitandani siku nyingi bila kutembea, na kulala hivyo huchangia damu kuganda.

Hata waliopona hawakupona kabisa. Mwaka 1942, daktari Gunnar Bauer wa Uswidi alieleza habari za wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka. Wengi walibaki na uvimbe, na baadaye vidonda.

Sababu ni hii. Ndani ya mishipa inayorudisha damu moyoni mna vali, mfano wa vilango vidogo. Damu hupanda, vilango hufunga ili isirudi chini. Damu ikiganda hapo, vilango huharibika. Damu hutuama mguuni. Mguu huwa mzito jioni, ngozi juu ya kifundo huwasha na kuwa nyeusi, kisha kidonda kisichopona hutokea. Kati ya watu 100 waliowahi kuganda damu mguuni, 20 hadi 50 hupata tatizo hili.

Huku kwetu hatusemi maziwa. Wengine husema mama amekanyaga dawa, na miezi hupita akitafuta mganga. Tusirudie kosa la wale wa kale.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, wakati wa ujauzito au baada ya kujifungua, usiukande. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukishindwa kupumua au kifua kikiuma, usingoje hata saa moja, kwani huenda damu iliyoganda imefika mapafuni. Usiache kunyonyesha: heparini na waferini hazimdhuru mtoto anayenyonya. Lakini ukishika mimba ukiwa unatumia waferini, mwambie daktari upesi.

Kwa mguu wa zamani, tembea kila siku, usisimame muda mrefu, na ukipumzika uinue juu kuliko moyo. Soksi za kubana hupunguza uvimbe na uzito kwa wengi, ingawa utafiti mkubwa wa mwaka 2014 haukuonyesha kwamba huzuia tatizo lisianze. Mwulize daktari kabla ya kuzivaa. Kidonda, hata kidogo, kipeleke kliniki mapema.

Mama, mguu wako haujarogwa. Unahitaji matibabu.