Mzee wa Magari Arudishwa General Motors

Katika maduka ya spea ya Gerezani, pembeni mwa soko la Kariakoo, majina yanayotajwa kutwa nzima ni ya Kijapani: Toyota, Nissan, Mitsubishi, Isuzu. Anayeulizia spea ya Pontiac au Buick ataangaliwa kwa mshangao. Hata hivyo General Motors ya Marekani, iliyomiliki majina hayo mawili, haikuwa ngeni kwetu. Tangu mwaka 1931 kampuni yake tanzu ya Uingereza, Vauxhall, ilitengeneza malori ya Bedford, na wazee waliosafirisha mazao enzi za mkoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru wanayakumbuka vizuri. Katika Isuzu pia ilikuwa na mkono wake, kwa kuwa mwaka 1971 ilinunua asilimia 34.2 ya hisa za kampuni hiyo. Mwaka 1975, mwaka uleule lilipofunguliwa jengo la soko la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli, GM iliafikiana na serikali ya Kenya kuanzisha kampuni ya kuunganisha magari jijini Nairobi.

Chevrolet na Buick hazikuenea hapa kwa sababu nyepesi kueleza. Wamarekani huendesha upande wa kulia na usukani wao uko kushoto. Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto. Mwaka 1983 serikali iliporuhusu watu binafsi kusafirisha abiria Dar es Salaam, na baadaye biashara ya nje ilipofunguliwa, wenye daladala walitafuta magari yaliyotumika kule ambako usukani ulikuwa upande unaotufaa. Ndipo zikaja Hiace, Coaster na Isuzu Journey.

Ruhusa ile ya 1983 ilitolewa kwa sababu shirika la UDA, lililoundwa mwaka 1974, lilishindwa kubeba abiria wote wa jiji. Wako waliolaumu uongozi, wako waliolaumu uchakavu wa mabasi, na wako waliosema kwamba bila fedha za kigeni za kununulia spea hakuna meneja ambaye angeweza kulinusuru. Mabishano ya namna hiyo ndiyo yaliyoizunguka General Motors miaka 20 hivi baadaye, kwa kipimo kikubwa zaidi, ilipomrudisha mzee mmoja aliyejua magari na kumkabidhi kazi ya kuyafufua. Ili kumhukumu mzee huyo kwa haki, ni lazima kwanza tujue alikabidhiwa nini.

Katika miaka ya 1950 GM iliuza karibu nusu ya magari yote mapya ya Marekani. Kampuni yenye nguvu kiasi hicho haikuona shida kuwaahidi wafanyakazi wake pensheni na matibabu, na mkataba wa mwaka 1950 na chama cha wafanyakazi, UAW, uliweka msingi wa ahadi hizo. Ahadi za namna hiyo huwa nafuu wakati vijana kiwandani ni wengi na wastaafu ni wachache. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, wanunuzi walianza kutazama magari madogo ya Kijapani, na walipoyajaribu waligundua kwamba mbali na kunywa mafuta kidogo, hayaharibiki ovyo. Katika miaka ya 1980 GM ilijibu kwa kumwaga fedha nyingi kwenye roboti za viwandani, na kwa kutumia bodi moja chini ya majina kadhaa ili kubana gharama. Matokeo yake Chevrolet, Buick na Oldsmobile zilifanana mno, na mteja hakuona sababu ya kulipa zaidi kwa ajili ya jina.

Miaka ya 1990 tatizo lilifichwa na faida ya pikapu na magari makubwa ya familia. Uongozi wa soko la Amerika Kaskazini ulishikwa na Ron Zarrella, aliyetoka Bausch & Lomb, kampuni ya miwani na lenzi. Chini yake gari lilisimamiwa kama bidhaa ya dukani: meneja wa chapa alihoji makundi ya wateja, akaandika sifa zinazotakiwa, na wahandisi wakapimwa kwa kufuata ratiba na bajeti. Mfumo huo una mantiki yake, na viwanda vingi vya sabuni vimestawi nao. Lakini ndio uliozaa Pontiac Aztek, gari lililotimiza orodha ya mahitaji na kukataliwa na macho ya wanunuzi.

Rick Wagoner, aliyekuwa mkuu wa kampuni tangu Juni 2000, alikulia upande wa fedha, na kwa sifa yake alitambua kwamba ujuzi uliopungua haukuwa wake. Akamwendea Bob Lutz. Huyu alizaliwa Zürich mwaka 1932, akawa rubani wa kikosi cha wanamaji wa Marekani, na akaanza kazi ya magari GM mwaka 1963. Aliondoka mwaka 1971 kwenda BMW, kisha Ford, kisha Chrysler, ambako gari la michezo la Dodge Viper lilimpa jina. Septemba 1, 2001, akiwa na umri wa miaka 69, alirudi GM kama makamu mwenyekiti wa maendeleo ya bidhaa. Miezi michache baadaye Zarrella aliondoka, na Lutz akaongezewa usimamizi wa Amerika Kaskazini.

Alichofanya kwanza ni kubadili kipimo. Badala ya kuuliza kama mradi umefuata ratiba, aliuliza kama mtu atalitamani gari lenyewe. Alikagua nafasi kati ya mlango na bodi, akagusa plastiki za ndani, akawarudishia wabunifu sauti iliyokuwa imechukuliwa na mameneja wa chapa. Mwaka 2003 Ed Welburn alipewa uongozi wa ubunifu. Alivunja pia uzio kati ya matawi: Chevrolet Malibu mpya ilijengwa juu ya msingi uliosanifiwa na Opel ya Ujerumani. Si kila jaribio lilifaulu. Holden Monaro ya Australia ilihamishiwa usukani upande wa kushoto, ikapewa jina la Pontiac GTO, na wateja hawakuichangamkia. Lakini Saturn Aura ilichaguliwa gari la mwaka la Amerika Kaskazini mwaka 2007, na Malibu ikafuata mwaka 2008.

Hapa subira inahitajika. Gari jipya huchukua miaka mitatu au minne kutoka mchoro hadi dukani, na wadai hawasubiri. Mwaka 2005 GM ilipata hasara ya dola bilioni 10.6. Ili kupata fedha taslimu, ilianza kuuza mali. Mwaka 2006 iliuza asilimia 51 ya GMAC, kampuni yake ya mikopo, na mwaka huohuo ikauza asilimia 7.9 ya hisa za Isuzu ilizokuwa imebakiwa nazo, kwa dola milioni 300 hivi. Naiona hatua hiyo ya pili kuwa na uzito kuliko bei yake. Isuzu ilijua kutengeneza lori dogo la dizeli kwa nchi zenye barabara mbovu na fedha chache, na masoko hayo, yetu yakiwemo, ndiyo yaliyokuwa yakikua.

Lutz mwenyewe ameeleza anguko la GM kuwa kazi ya wahasibu waliotawala wahandisi, na mwaka 2011 alichapisha kitabu cha kutetea hoja hiyo. Kuhusu ubora wa magari, alisema kweli. Wengine huonyesha mzigo wa ahadi za zamani: katikati ya miaka ya 2000 GM iligharimia matibabu ya watu zaidi ya milioni moja, na kila gari lililotoka kiwandani lilibeba kama dola 1,500 za gharama hiyo. Wa tatu hulaumu mafuta na mabenki. Julai 2008 pipa la mafuta lilipita dola 140, pikapu zikakosa wateja, na miezi miwili baadaye mikopo ikakauka dunia nzima. Mimi naona maelezo ya pili ndiyo mazito zaidi. Msukosuko wa 2008 uliikuta kampuni tayari haina akiba, na Malibu nzuri, hata ikiuzwa kwa bei nzuri, isingeweza kulipa pensheni za vizazi viwili. Tena Lutz hakuwa bila lawama, kwa kuwa alichelewa kuamini magari ya mseto wa petroli na umeme, wakati Toyota ilikuwa imeanza kuuza Prius tangu 1997.

Hasara ya mwaka 2008 ilikuwa dola bilioni 30.9. Machi 2009 serikali ya Marekani ilimtaka Wagoner aondoke, na Juni 1 GM iliomba ulinzi wa mahakama kama mufilisi. Lutz alikuwa ametangaza mwezi Februari kwamba atastaafu. Kampuni mpya ilipotoka mahakamani Julai 10, ikiwa imeamua kuachana na Pontiac, Saturn, Hummer na Saab, mkuu mpya Fritz Henderson alimwomba abaki, safari hii asimamie masoko na mawasiliano. Alikaa hadi Mei 1, 2010.

Desemba mwaka huo wateja wa kwanza walipokea Chevrolet Volt, gari la umeme lenye injini ya akiba ambalo Lutz alilipigania tangu lilipoonyeshwa Detroit Januari 2007, na GM ilifunga mwaka kwa faida ya dola bilioni 4.7. Faida hiyo ilitokana na madeni kufutwa pamoja na magari kuboreka, na si rahisi kutenganisha fungu la kila kimoja. Nairobi GM iliendelea kukaa hadi mwaka 2017, ilipouza hisa zake, asilimia 57.7, za kampuni ile ya kuunganisha magari. Mnunuzi alikuwa Isuzu.