Siku 12 za Kahawa

Nilimsikia mara ya kwanza usiku, hapa Igawa, umeme umekatika na simu imebaki na chaji kidogo. Nje malori ya Tunduma yanapita na bati linatetemeka. Kwenye simu mtu anapiga piano peke yake, hakuna ngoma, hakuna mwimbaji. Nikajua ni Chopin. Baada ya dakika moja nikasema hapana, Chopin hana hii. Mkono wa kushoto ulikuwa wa Ulaya, unabembea taratibu, ila wa kulia ulikuwa unazungusha sauti kama shemasi wa kanisa la Kihabeshi.

Ndiye Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, aliyefariki Yerusalemu tarehe 26 Machi 2023 akiwa na miaka 99. Wengi wanamwita mtawa mpiga piano, na BBC mwaka 2017 walimtengenezea kipindi cha redio chenye jina la mzaha mzaha hivi ambalo silipendi. Maana huyu mama, kabla ya utawa, alijiandaa kuwa mpiga piano wa kumbi kubwa za dunia. Na nusura awe.

Alizaliwa Addis Ababa tarehe 12 Desemba 1923, akaitwa Yewubdar. Baba yake, Kentiba Gebru Desta, alikuwa msomi na mtu mzito serikalini. Binti akiwa na miaka sita akapelekwa shule ya bweni Uswisi, na huko ndiko alikojifunza fidla na piano. Akarudi 1933. Miaka mitatu baadaye Waitalia wakaingia Addis. Familia ikakamatwa, ikapelekwa kisiwa cha Asinara, kisha Mercogliano karibu na Naples. Ndugu zake watatu waliuawa. Fikiria: msichana anayepiga muziki wa Ulaya kwa mapenzi yote, na Ulaya hiyo hiyo imemfunga.

Vita vilipokwisha nyumbani akaenda Cairo kwa mwalimu Alexander Kontorowicz, mpiga fidla kutoka Poland. Kila siku saa tisa za mazoezi, tano za fidla na nne za piano. Mwenye mchezo hawezi. Joto la Cairo likamshinda, akarudi nyumbani, na mwalimu naye akaja Addis kuongoza bendi ya walinzi wa mfalme.

Halafu likaja jambo lenyewe. Alipata nafasi ya kusoma Royal Academy of Music, London, lakini ruhusa ya kuondoka akanyimwa. Yewubdar akagoma kula. Siku 12 alikunywa kahawa tu. Hali ikawa mbaya hadi padri akaitwa ampe komunyo. Baada ya hapo akalala saa 12 mfululizo, akaamka ametulia, na piano hakuitaka tena. Akaenda zake milimani Wollo, monasteri ya Gishen Mariam, akavua viatu. Miaka kumi akatembea peku, akapewa jina la Tsegué-Maryam.

Hapa ndipo ninapogombana na wanaomsimulia. Wanasema, ona Mungu alivyopanga, angeenda London angekuwa mpiga Chopin kama wengine, tusingepata muziki huu. Jamani! Tunajuaje? Huenda London ingetupa huu huu na mwingine zaidi. Huku kwetu kila ukoo una binti aliyefaulu, barua ikaja, na mtu mmoja akasema haendi. Sijawahi kuona mabinti hao wakirekodiwa santuri. Kumpongeza aliyefunga mlango kwa sababu aliyefungiwa alipata dirisha, mimi siwezi.

Muziki ulirudi wenyewe, polepole. Miaka ya 1960 alikuwa Gondar akijifunza nyimbo za Mtakatifu Yared, yule wa karne ya 6. Aliwakuta wanafunzi wa uimbaji wa kanisa wakilala nje na kuombaomba chakula. Hela hakuwa nayo, ila vidole alikuwa navyo. Santuri yake ya kwanza ikatoka Ujerumani mwaka 1967, kwa msaada wa Haile Selassie, na mapato yakaenda kwa watoto wasio na wazazi.

Mama yake alipofariki, 1984, akahamia Yerusalemu kwenye monasteri ya Wahabeshi, chumba kidogo na piano. Dunia ilimgundua tena 2006, Wafaransa walipomtolea toleo la 21 la mfululizo wa Éthiopiques. Alikuwa na miaka 82! Mwaka 2013 mpiga piano Maya Dunietz akasaidia kuchapisha noti zake, kutoka kwenye karatasi zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye mifuko.

Nimemtumia mpiga kinanda wa kwaya yetu wimbo mmoja, "The Homeless Wanderer", nikamwomba aujaribu. Siku tatu kimya. Jana kaniandikia: "Dada, huyu bibi mkono wa kulia hahesabu kabisa. Nitumie na nyingine."