Riwaya za kijijini za Euphrase Kezilahabi

Riwaya za kijijini za Euphrase Kezilahabi ni riwaya nne za Kiswahili zilizotoka kati ya mwaka 1971 na 1979: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Zote zina mizizi katika kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Viktoria, kaskazini mwa Tanzania. Zinaeleza maisha ya wakulima na wavuvi wakati elimu ya shule, pesa na siasa ya Ujamaa vilipokuwa vikibadilisha kijiji.

Tatu za kwanza huishia katika msiba. Swali linalorudi ndani yake ni moja: mtu anapoangamia, lawama ni ya nani? Ni yake mwenyewe, ya wazazi, ya jamii au ya Mungu?

Mwandishi

Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, Ukerewe. Alisoma katika seminari za Kikatoliki, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako baadaye alifundisha fasihi. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985. Katika miaka ya 1990 alihamia Chuo Kikuu cha Botswana. Alifariki mwezi Januari 2020.

Anajulikana pia kwa mashairi huru ya Kichomi (1974), yaliyozusha mjadala mkali kuhusu vina na mizani, na kwa riwaya mbili za baadaye, Nagona na Mzingile, ambazo zimeacha uhalisia wa kijiji.

Mazingira

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Viktoria. Watu wake hulima na kuvua samaki, na tangu zamani safari ya kwenda Mwanza ilikuwa ya majini. Katika riwaya za Kezilahabi maji hayo yana maana. Kuvuka ziwa ni kutoka chini ya macho ya wazazi na majirani na kuingia katika ulimwengu wa shule, baa na ofisi. Anayerudi kisiwani harudi kama alivyoondoka.

Mwandishi hakisifu kijiji kama mahali pa amani palipoharibiwa na mji tu. Kijijini kuna mashamba, ngoma na ujirani, lakini pia kuna ulevi, wivu, tuhuma za uchawi na baba anayepiga. Shamba na ziwa humlisha mtu, ila havimwokoi na wenzake.

Hapa Kezilahabi anatofautiana na mzee wa Ukerewe aliyemtangulia, Aniceti Kitereza (1896–1981). Kitereza aliandika kwa Kikerewe riwaya ndefu kuhusu mume na mke wasio na mtoto, akaimaliza mwaka 1945. Tafsiri yake ya Kiswahili, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, ilitoka miaka mingi baadaye. Humo tatizo la utasa linaumiza, lakini jamii ina njia ya kulitatua: wakwe wanalipwa faini ya pombe, mganga anatoa dawa, na mwisho watoto wanazaliwa. Katika kisiwa cha Kezilahabi njia hizo hazitoshi tena.

Msiba na lawama

Rosa Mistika ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi. Jina lake limetokana na moja ya majina ya sifa ya Bikira Maria katika litania ya Kikatoliki, yaani Waridi lenye fumbo. Rosa ni binti wa Zakaria, mlevi anayewalea mabinti zake kwa fimbo, na Regina, mama mvumilivu. Barua ya kijana Charles inamletea Rosa kipigo. Anakua akiwaogopa wanaume bila kufundishwa namna ya kuishi nao. Anapofika shule ya sekondari Mwanza, na baadaye chuo cha ualimu Morogoro, hofu hiyo inageuka kuwa fujo: anakuwa na wanaume wengi, anatoa mimba. Baadaye anajaribu kuanza upya kama mwalimu na kupata ndoa na Charles, lakini mchumba anamkataa kwa sababu ya maisha yake ya nyuma. Rosa anajiua.

Riwaya haiishii kaburini. Rosa na baba yake wanafikishwa mbele ya Mungu, na kila mmoja anamtupia mwenzake lawama. Kwa njia hiyo msomaji anawekwa mahali pa hakimu.

Katika Kichwamaji, Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu ambaye haamini tena mila za wazazi wala hana imani nyingine ya kuweka mahali pake. Rafiki yake Manase anampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia anafariki. Kazimoto anamwoa Sabina, dada yake Manase. Ugonjwa wa zinaa unaingia katika familia zote mbili na kuwaathiri watoto wanaozaliwa. Kazimoto naye anajiua. Wahakiki wengi huisoma riwaya hii kama kazi ya udhanaishi, yaani falsafa inayouliza kama maisha ya mtu yana maana yoyote zaidi ya ile anayoyapa mwenyewe.

Jamii na siasa

Dunia Uwanja wa Fujo inamfuata Tumaini, kijana wa Ukerewe ambaye baada ya ujana wa anasa anakuwa mkulima tajiri. Siasa ya Ujamaa, iliyotangazwa na Azimio la Arusha mwaka 1967, inapodai ardhi yake, anamuua kiongozi wa serikali na kuhukumiwa kifo. Wasomaji wa wakati huo walikuwa wanakumbuka tukio la kweli: tarehe 25 Desemba 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa na mkulima Said Mwamwindi.

Gamba la Nyoka inahusu kuhamishiwa watu katika vijiji vya Ujamaa. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya Watanzania, pamoja na wakulima wa Tabora, Shinyanga na Kigoma, walihamishwa, wengine kwa nguvu. Kezilahabi anaonyesha wanavijiji wanaokataa kuhama na vijana wasomi wanaozungumza kwa niaba yao. Kama ilivyo kwa nyoka, gamba linaweza kubadilika na nyoka akabaki yuleyule.

Ulinganisho na Thomas Hardy

Riwaya hizi zinaweza kusomwa sambamba na zile za Mwingereza Thomas Hardy (1840–1928), aliyeandika kuhusu wakulima wa kusini-magharibi mwa Uingereza. Katika Tess of the d'Urbervilles (1891) msichana maskini anaachwa na mumewe anapomweleza yaliyompata zamani. Hardy alimwita mwanamke safi katika jina dogo la kitabu, na baadhi ya wasomaji walichukizwa. Katika Jude the Obscure (1895) elimu inamtenga kijana na kwao bila kumpa mahali pengine, kama ilivyo kwa Kazimoto.

Tofauti iko katika chanzo cha msiba. Kwa Hardy bahati mbaya na majaliwa yana nguvu kubwa: barua inapotea, watu wanakutana kwa kuchelewa. Kwa Kezilahabi mkono wa binadamu unaonekana zaidi: fimbo ya baba, ukimya wa walimu, mchumba anayedai ubikira ambao wanaume hawaudai kwao wenyewe.

Mapokezi

Rosa Mistika ilipotoka ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa kusema wazi kuhusu ngono na utoaji mimba. Baadaye ilikubaliwa na kusomwa na wanafunzi. Mabishano juu yake yalifanana na kesi iliyomo ndani ya kitabu: wengine walimlaumu msichana, wengine waliomlea.