Kabla ya Ishirini na Moja Kulikuwa na Sitini na Moja

Tangu niweke ile video ya hesabu za kamari, inboksi yangu imejaa swali moja tu: "Bro, tupatie mbinu za blackjack." Sawa, nitawapa. Zimo humu humu na ni bure, maana wale wanaowauzia kwenye magrupu ya Telegram wanauza kitu kilichochapishwa Marekani mwaka 1956. Lakini mimi ni mtu wa Malindi. Mtu wa Malindi kufundishwa karata na simu ni kama mtu wa Lamu kuuziwa ramani ya kwenda Shela. Kwa hivyo historia kwanza. Mwenye haraka ateremke chini, shauri yake, atakosa utamu.

Anza na majina. Sisi wa rika hili tunasema kadi. Tunacheza ile ya kuruka na jeki, kurudisha na king, kulisha mtu mbili na tatu, halafu unapiga kelele "niko kadi!" kabla ya kumaliza. Wazee wetu wanasema karata. Kadi imetoka kwa Mwingereza. Karata ni ya zamani zaidi, ni carta ya Mreno, na haikuja peke yake. Kopa ni copas, yaani vikombe. Uru ni ouros, dhahabu. Pau ni paus, magongo. Shupaza ni espadas, panga. Turufu ni trunfo. Hata meza unayoipiga ngumi ukishinda ni mesa ya Mreno.

Vasco da Gama alitia nanga hapa Aprili 1498. Malindi ikawa rafiki wa Wareno kwa muda wa karibu miaka mia, hadi 1593 walipohamishia nguvu zao Mombasa na kuanza kujenga Ngome ya Yesu. Watalii tunawapeleka kwenye nguzo pale ufuoni, wanapiga picha, tunarudi. Nguzo ni jiwe tu jamani! Kilichobaki mikononi mwa watu ni zile karata.

Sasa sikiza hii, maana mimi ilinishika kichwa siku nzima. Kwa wazee, karata za picha huitwa wazungu. Mfalme ni mzungu wa nne, jeki ni mzungu wa tatu, malkia ni mzungu wa pili. Kwani malkia amekuwaje chini ya jeki? Kwenye kadi zetu za leo malkia yuko juu.

Jibu liko kwenye mchezo wa wahedi wa sitini, ule ambao Unguja na pwani yote hii wazee wanaucheza barazani. Jina ni Kiarabu, moja na sitini, yaani 61. Ree ina pointi 11. Saba ina 10. Mfalme 4, jeki 3, malkia 2. Nyingine hazina kitu. Piga hesabu: kila rangi ina pointi 30, rangi nne zinafanya 120, na anayepata 61 amepita nusu, ameshinda. Kwa hiyo nne, tatu na pili kwenye majina ya wale wazungu ni pointi zao. Na ukienda Ureno leo, mchezo wao wa sueca una hesabu hiyo hiyo: ree 11, saba 10, mfalme 4, jeki 3, malkia 2. Karata za zamani za Kireno zilikuwa na picha ya mwanamke kwenye cheo cha chini kabisa cha picha, na malkia alipokuja baadaye akakalishwa kiti kile kile. Mreno alifukuzwa Mombasa 1698. Hesabu yake tumebaki nayo.

Kabla hujasema basi hii yote ni ya Mzungu, rudi nyuma zaidi. Ulaya walizipata karata kwenye karne ya 14. Mji wa Florence ulipiga marufuku mchezo wake mwaka 1377, na waliuita naibbe. Umelisikia hilo neno? Ni naibu, huyu huyu naibu wa naibu waziri. Katika karata za Wamamluki wa Misri, ambazo seti yake iko katika jumba la Topkapi kule Istanbul, picha za juu zilikuwa mfalme, naibu wa mfalme na naibu wa pili. Rangi zao zilikuwa vikombe, dinari, panga na magongo ya polo. Vikombe, dhahabu, panga, magongo. Kopa, uru, shupaza, pau. Karata zilitoka Misri, zikazunguka Ulaya yote, zikashukia hapa kwetu kwa jahazi la Mreno.

Nina babu, kakake babu yangu mzazi, mtaa wa Shella hapa Malindi. Baada ya alasiri wanakaa wanne chini ya mwarobaini, na pesa hakuna. Kamari ni haramu, hilo hawabishani. Anayefungwa analipa kwa kutaniwa hadi adhana ya magharibi, na hao wazee wakikutania, wallahi bora ungelipa pesa. Huyu babu hajawahi kusoma takwimu. Mimi nimezisoma miaka miwili chuoni kabla sijaacha. Ila karata zikibaki tatu mkononi, yeye anakwambia turufu gani haijatoka na iko kwa nani. Hahisi, anajua. Ameshazihesabu zote zilizopita. Mchezo wenyewe umeundwa hivyo: pakiti moja, inachezwa mpaka karata ya mwisho, na anayekumbuka ndiye anayekula.

Shikilia hapo kwenye kukumbuka, tutarudi.

Waitaliano nao. Wengi mnajua kilichowaleta ni Ngomeni. Profesa Luigi Broglio na wenzake walisimamisha jukwaa la San Marco baharini, na Aprili 1967 wakarusha setilaiti ya kwanza kutoka pale. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa ile ya Marekani iliyopewa jina Uhuru, siku ya Jamhuri yetu. Baada ya wahandisi wakafuata wenye hoteli, pizza, jelato, na mji ukajifunza kusema ciao. Walikuja na karata zao pia. Mchezo wao wa briscola: ree 11, tatu ina 10, mfalme 4, farasi 3, kijana 2. Jumla 120. Mshindi ni 61! Yule mzee wa Kiitaliano anayekunywa espreso na kulalamikia joto, na babu yangu wa Shella, wanacheza karibu mchezo mmoja na hawajawahi kuambiana.

Wana mwingine unaitwa sette e mezzo, saba na nusu, na huu ndio ndugu wa blackjack aliye karibu nasi zaidi. Karata ni 40, moja hadi saba kwa thamani yake, na picha zote 12 ni nusu nusu. Unatafuta saba na nusu, ukizidi umekwisha, mkifungana benki inakula. Mbinu yake unaweza kuihesabu kwa kidole. Una 5 mkononi: karata salama ni picha 12, moja nne, na mbili nne. Hizo ni 20 kati ya 39 ambazo huzioni. Nusu kwa nusu. Ukiwa na 4 zinakuwa 24, chukua. Ukiwa na 6 zinabaki 16, tulia. Kwao huko ni mchezo wa Krismasi, familia nzima na sarafu chache, hata watoto.

Haya, ishirini na moja sasa. Ni ya zamani pia. Cervantes wa Hispania aliitaja kwenye hadithi iliyotoka 1613. Mfaransa akaiita vingt-et-un, Marekani ndiyo ikaipa jina la blackjack. Picha zote zinakuwa 10, ree ni 1 au 11. Yaani mzungu wa nne, wa tatu na wa pili, karne zote hizo za cheo, wakiingia kasino wanafanywa kumi tu, sawa na kumi yenyewe. Mgawaji hana hiari: akiwa na 16 kushuka lazima achukue, akifika 17 anasimama. Faida yake inatoka mahali pamoja ambapo watu hawapaoni. Wewe unacheza kwanza. Ukizidi 21 pesa yako imeshaenda, hata kama yeye naye angezidi baadaye.

Mbinu za msingi. Ukiwa na 12 hadi 16 bila ree, na karata ya mgawaji ni 4, 5 au 6, simama, umwache azidi mwenyewe. Akiwa na 2 au 3 simama pia, isipokuwa ukiwa na 12, chukua. Akionyesha 7 kupanda juu, chukua hadi ufike 17. Ukiwa na 10 au 11 na yeye ana 2 hadi 9, ongeza dau mara mbili. Jozi ya ree na jozi ya nane tenganisha. Jozi ya kumi usiiguse kamwe. Bima usinunue: inalipa mbili kwa moja, lakini mgawaji mwenye ree anapata kumi mara 4 tu katika 13.

Lakini kuna aina mbili za meza, na video nyingi mnazotazama ni za aina ya Marekani. Kule mgawaji anachukua karata mbili mwanzo, moja imefunikwa, na anaichungulia kabla hujaongeza dau. Kwenye aina ya Ulaya anakaa na karata moja tu mpaka wewe umalize. Ukiongeza dau au ukitenganisha, halafu akavuta 21 ya karata mbili, amekula yote uliyoweka. Kwa hivyo kwenye meza hiyo 11 yako dhidi ya kumi au ree usiizidishie dau, na nane mbili dhidi ya kumi au ree usizitenganishe, chukua karata tu. Ree mbili dhidi ya ree yake, vivyo hivyo. Tofauti hii inakugharimu kama shilingi moja katika kila elfu unayoweka.

Ndogo? Ndiyo, ndogo. Iliyo kubwa imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kitambaa cha meza. Meza ya kawaida inalipa blackjack tatu kwa mbili: umeweka 1,000 unapewa 1,500. Nyingine zinalipa sita kwa tano: unapewa 1,200. Blackjack huja kama mara moja katika mikono 21. Mia tatu gawa kwa 21, ni shilingi 14 na ushee zinazokatwa kwenye kila mkono wa elfu. Meza nzuri ukiicheza bila kosa inakukata kama shilingi 5. Badiliko la neno moja na makato yanakaribia kuwa mara nne.

Hesabu hizi za msingi zilipigwa na wanaume wanne waliokuwa jeshini Aberdeen, Maryland: Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott. Walitumia mashine za mezani za kujumlisha, wakachapisha 1956. Kisha akaja Edward Thorp, mwalimu wa hisabati, akatumia kompyuta ya IBM 704, na 1962 akatoa kitabu kilichoonyesha kwamba ukikumbuka karata zilizopita, utajua ni lini pakiti imebaki na kumi na ree nyingi. Hapo ongeza dau, na nyumba ndiyo inayopoteza. Kumbe dunia nzima ilishangazwa na kazi ambayo babu yangu anaifanya kila jioni na kandambili miguuni.

Kasino zilijibu vipi? Aprili 1964 Las Vegas ilibadilisha kanuni, ikakataza watu kuongeza dau isipokuwa kwa 11 na kutenganisha ree. Wateja wakakimbia, na baada ya wiki chache kanuni zikarudishwa. Basi wakaja kwa mlango wa nyuma: pakiti sita badala ya moja, karata 312, na kuzichanga tena kabla hazijaisha. Hawakuhitaji kukukataza kukumbuka, walihakikisha tu hakuna cha kukumbuka.

Simu imemaliza kazi hiyo. Blackjack ya programu inachanga karata upya kila mkono. Kuhesabu hapo ni sawa na kukumbuka maji ya jana. Tena inakimbia. Weka shilingi 100 kwa mkono, mikono 200 kwa saa, hiyo ni 20,000 imezunguka. Kwa meza nzuri na bila kosa hata moja, unatazamiwa kupoteza 100. Kwa meza ya sita kwa tano, kama 380. Saa nne, elfu moja na mia tano. Jamaa yangu wa boda pale Gede aliniambia hiyo ni siku yake nzima, mafuta yakiwa yametolewa. Na yeye hata hachezi blackjack, anacheza ile ndege inayopaa na kulipuka, ambayo haina hata mbinu ya kuandikiwa makala.

Mbinu ndizo hizo, hakuna nyingine ya siri, anayekuuzia mwambie nimeshatoa. Mimi naona vijana wa Kilifi wanaolipia kozi za kuhesabu karata zisizohesabika, huku wazee wanaojua kuhesabu zinazohesabika wanazikwa kila mwaka, na majina yanakwenda nao. Shupaza na pau, wangapi kati yetu tungezitofautisha jana? Kwa hivyo kama una mzee Mambrui, Takaungu, Mtwapa au popote, muulize anaziitaje zile rangi nne, na kwao saba inahesabiwa ngapi. Nirekodie sauti yake, unitumie.