Kaiserslautern: mji mdogo uliotwaa Ujerumani mara nne

Kwa vijana wanaotazama mpira katika vibanda vya Kware na Noonkopir hapa Kajiado, soka ya Ujerumani ni Bayern Munich na Borussia Dortmund, na labda Leverkusen tangu itwae ubingwa mwaka 2024. Ni wachache wanaoijua Kaiserslautern. Klabu hiyo imekuwa bingwa wa Ujerumani mara nne, mwaka 1951, 1953, 1991 na 1998, na iliwahi kunolewa na kocha ambaye kabla ya hapo alikuwa ameinoa Harambee Stars. Mji wake una wakazi kama 100,000 tu. Kitengela peke yake, kwa hesabu ya sensa ya 2019, ina watu zaidi ya 150,000.

Mji wa Kaiserslautern uko kusini magharibi mwa Ujerumani, katikati ya misitu na vilima vya Pfalz. Haukuwa mji wa matajiri. Ulijulikana kwa cherehani za Pfaff, zilizoanza kutengenezwa huko mwaka 1862, na watu wake wengi walikuwa wafanyakazi wa viwandani. Klabu inahesabu umri wake tangu mwaka 1900. Mwaka 1920 ilifungua uwanja wake juu ya kilima cha Betzenberg, na hadi leo mashabiki hushuka kwenye garimoshi mjini wakapanda kilima hicho kwa miguu.

Historia ya klabu hii haisimuliki bila Fritz Walter. Alizaliwa mwaka 1920, na wazazi wake ndio walioendesha mkahawa wa klabu, kwa hiyo alikulia palepale penye mpira. Akiwa na miaka 17 alikuwa tayari anachezea timu kubwa. Vita vilipozuka alichukuliwa jeshini, na huko akaugua malaria. Ugonjwa huo, ambao msomaji wetu hahitaji kuelezwa makali yake, ulimwachia udhaifu wa kudumu: jua kali lilimchosha, lakini siku ya mvua alicheza kama aliyezaliwa upya. Wajerumani mpaka leo huita mvua ya uwanjani hali ya hewa ya Fritz Walter.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 alijikuta katika kambi ya wafungwa ya Wasovieti huko Sighet, Romania, akingoja kupelekwa Urusi. Walter mwenyewe alisimulia kwamba siku moja walinzi walikuwa wakicheza mpira, naye akajiunga nao. Mlinzi mmoja akamtambua, kwa kuwa alikuwa amemwona akicheza dhidi ya Hungaria mjini Budapest mwaka 1942. Mlinzi huyo akawaambia wakubwa wake kwamba huyu si Mjerumani. Jina lake likaondolewa kwenye orodha, akarudi nyumbani.

Aliporudi alikuta mji umebomolewa na mabomu. Akaanza kuijenga timu upya, na ubingwa ukaja mwaka 1951, kisha 1953. Atlético Madrid walimwita Uhispania kwa pesa ambazo mchezaji wa Ujerumani wa wakati ule hakuwahi kuziota. Alikataa. Alibaki Kaiserslautern hadi alipotundika daluga. Kwangu mimi, uamuzi huo ndio uliowafundisha watoto wa mji ule kwamba mtu anaweza kuwa mkubwa bila kuhama kwao.

Tarehe 4 Julai 1954, mjini Bern, Uswisi, Ujerumani Magharibi iliingia fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Hungaria ya Puskás, timu iliyokuwa haijafungwa kwa miaka minne na iliyowatandika Wajerumani 8-3 katika mechi za makundi. Nahodha alikuwa Fritz Walter. Pamoja naye walikuwepo mdogo wake Ottmar, Werner Liebrich, Horst Eckel na Werner Kohlmeyer. Wachezaji watano kati ya kumi na mmoja walitoka klabu moja ya mji mdogo. Mvua ilikuwa inanyesha. Hungaria ikafunga mabao mawili ndani ya dakika nane za kwanza, lakini mechi ikaisha 3-2 kwa Ujerumani. Mwaka 1985 uwanja wa Betzenberg ulipewa jina la Fritz Walter, naye akiwa hai.

Ligi kuu ya Bundesliga ilipoanza mwaka 1963, Kaiserslautern walikuwemo, na hawakutoka kwa zaidi ya miaka thelathini. Timu kubwa ziliogopa kupanda kilima kile. Mwezi Oktoba 1973 Bayern waliongoza 4-1, wakaondoka wamefungwa 7-4.

Hapa ndipo Kenya inapoingia. Mwaka 1971 kocha wa Harambee Stars alikuwa Mjerumani aitwaye Eckhard Krautzun, na mwaka uliofuata Kenya ikacheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, nchini Cameroon. Robo karne baadaye, Machi 1996, Krautzun aliitwa kuiokoa Kaiserslautern iliyokuwa ikizama. Msimu ule timu ilitoka sare mechi 18 kati ya 34. Siku ya mwisho, sare nyingine ya 1-1 huko Leverkusen ikawashusha daraja, na mchezaji wao Andreas Brehme, aliyefunga bao la ushindi katika fainali ya Kombe la Dunia la 1990, akalia waziwazi mbele ya kamera, begani mwa mpinzani wake Rudi Völler. Wiki moja baadaye timu hiyohiyo ya Krautzun iliichapa Karlsruhe 1-0 na kubeba Kombe la Ujerumani.

Kilichofuata hakijawahi kurudiwa na yeyote Ujerumani. Otto Rehhagel, aliyekuwa ametimuliwa Bayern, akachukua timu na kuirudisha ligi kuu mara moja. Mechi ya kwanza ya msimu wa 1997/98 ilikuwa Munich, na Kaiserslautern wakashinda 1-0. Mei 1998 wakawa mabingwa, ikiwa imebaki mechi moja, huku kijana aitwaye Michael Ballack akiwa mmoja wa wachezaji wao. Hakuna timu nyingine iliyopanda daraja na kutwaa Bundesliga msimu uliofuata.

Baada ya hapo klabu ilitaka kuishi kama matajiri. Madeni yakaongezeka, na mwaka 2003 uwanja wao wenyewe ukauzwa kwa kampuni ya mji, wakawa wapangaji juu ya kilima chao. Mwaka 2006 wakashuka daraja. Mwaka 2018 wakaangukia ligi ya tatu, na 2020 wakajisalimisha kwa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni. Mashabiki hawakuwakimbia. Mwaka 2022 timu ikarudi ligi ya pili, na 2024 ikafika tena fainali ya Kombe la Ujerumani, ikafungwa 1-0 na Leverkusen.

Sisi tuna Gor Mahia na AFC Leopards, klabu za watu kwelikweli, zenye mashabiki wasiopungua upendo, lakini hazina uwanja wao wenyewe mpaka leo. Kajiado nayo ina vijana wengi wenye vipaji kuanzia Kware hadi Namanga. Kitu kinachopungua kila mwaka ni ardhi. Kitengela inajengwa upesi, na kila eneo wazi linagawanywa kuwa ploti. Kaiserslautern walikuwa na kilima chao kabla ya kuwa mabingwa wa Ujerumani hata mara moja, na walizidi kuporomoka walipouza uwanja wao. Kaunti itakapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, nendeni, mkaulize kiwanja cha mpira cha Kware kiko wapi na hati yake iko kwa jina la nani.