Bruxelles haina gare moja: namna ya kuchagua gare ya kushukia

Mutu akitoka Bukavu, Goma, Bunia ao Uvira kwenda Ubelgiji, kwa masomo, matibabu, kilio ao kutembelea jamaa, mara nyingi anapewa maagizo mafupi kwa simu: «Ukishuka ku ndege, panda treni mpaka Bruxelles, tutakungojea ku gare.»

Maagizo hayo hayatoshi. Kule Kalemie ao Kindu, ukisema «ku gare» kila mutu anajua ni wapi. Lakini Bruxelles iko na gare nyingi, na tatu kati yake ni kubwa na zinafuatana kwenye reli moja. Mugeni anaweza kushuka Midi wakati jamaa wanamungojea Nord. Laini yake ya simu ya Congo haipati mutandao, giza linaingia, na yeye yuko na valise mbili za kilo 23. Wengine wamelipa taksi ya bei kali kwa safari ambayo treni ingeifanya kwa dakika kumi.

Habari hii inaeleza gare moja moja, inafaa nani, na makosa gani yanaweza kukuletea hasara ya pesa ao hata ya viza.

Gare tatu, reli moja

Zamani treni za upande wa kaskazini zilikuwa zinaishia Nord, na za upande wa kusini zinaishia Midi. Wabelgiji wakaamua kupitisha reli katikati ya muji, sehemu kubwa chini ya ardhi. Kazi ilisimamishwa na vita vyote viwili vya dunia, na njia hiyo yenye reli sita ikafunguliwa mwaka 1952. Katikati yake wakajenga gare ya Central, iliyochorwa na Victor Horta na kumalizwa na Maxime Brunfaut.

Kwa hiyo Nord, Central na Midi ziko kwenye mustari mmoja. Karibu treni zote kubwa za ndani ya inchi, zile zenye kuandikwa IC, zinasimama kwenye zote tatu. Kutoka Nord mpaka Midi ni kama dakika kumi tu.

Faida ya kujua jambo hili ni kwamba ukipitisha gare yako, hakuna sababu ya kuogopa. Shuka gare inayofuata, uliza treni ya kurudi. Na ukinunua tiketi yenye kuandikwa «Zone Bruxelles», unaweza kushuka kwenye gare yoyote ya muji bila kuongeza pesa.

Kila gare iko na majina mbili

Bruxelles inatumia luga mbili za serikali, Kifaransa na Kiflama. Ndiyo maana kila gare inaandikwa mara mbili:

- Bruxelles-Midi ni Brussel-Zuid. Hapa neno «midi» maana yake ni kusini, si saa sita ya muchana.
- Bruxelles-Nord ni Brussel-Noord.
- Bruxelles-Central ni Brussel-Centraal.
- Bruxelles-Luxembourg ni Brussel-Luxemburg.

Hii ya mwisho inadanganya watu wengi. Bruxelles-Luxembourg ni gare ndogo ndani ya muji. Lakini ukiona kwenye ubao «Luxembourg» peke yake, hiyo ni treni ya kwenda inchi ingine, safari ya kama masaa tatu.

Miji pia inabadilisha jina kufuata eneo. Treni ikiwa upande wa Waflama, Liège inaitwa Luik, Namur inaitwa Namen, Mons inaitwa Bergen, na Tournai inaitwa Doornik. Upande wa Wawallon, Antwerpen inaitwa Anvers, na Gent inaitwa Gand. Mutu anayetafuta Mons anaweza kuacha treni yake ipite juu ameona «Bergen» akafikiri si kwake. Andika majina yote mbili kwenye karatasi mbele ya kutoka nyumbani.

Ukishuka ku ndege

Kwanza angalia tiketi ya ndege: unafika Zaventem ao Charleroi?

Wengi wanaotoka kwetu kupitia Kigali, Entebbe ao Bujumbura wanafika Zaventem. Kiwanja hicho kiko na gare yake chini ya jengo lenyewe. Unashuka na ascenseur, hauna lazima ya kutoka nje kwenye baridi. Treni inayoingia muji inapita kwanza Nord, kisha Central, kisha Midi. Mpaka Central ni karibu dakika 20. Lakini kuna treni zingine zinazotoka pale zikienda upande wa Leuven ao zikipitia Schuman, basi soma ubao mbele ya kupanda.

Bei ya tiketi kutoka Zaventem inaonekana kali kwa safari fupi namna hiyo. Haujaibiwa: ndani yake kuna malipo ya ziada ya kutumia reli ya kiwanja cha ndege, yanayoitwa «Diabolo». Na usitupe tiketi, utaiombwa.

Charleroi ni mambo mengine. Jina lake rasmi ni Brussels South Charleroi Airport, lakini kiko karibu na muji wa Charleroi, zaidi ya kilometa 40 kutoka Bruxelles. Ni hapo ndege nyingi za bei ndogo za ndani ya Ulaya zinatua. Hakuna gare ya treni kwenye kiwanja chenyewe. Unapanda basi moja kwa moja mpaka Bruxelles-Midi, karibu saa moja njiani, ao basi mpaka gare ya Charleroi-Central kisha treni. Mugeni akikuambia anafika na ndege ya Charleroi, usimungojee Zaventem.

Midi: kwa safari za mbali

Hii ndiyo gare kubwa kuliko zote, iko na voie 22. Chagua Midi kama unaendelea nje ya Ubelgiji: Eurostar za Paris, London, Amsterdam na Cologne zinatoka hapo, pamoja na TGV za miji mingine ya Ufaransa. Kufika Paris ni chini ya saa moja na nusu.

Treni hizo za mbali si kama za ndani. Tiketi ya ndani ya Ubelgiji haina nafasi ya kiti wala saa: ukikosa treni ya saa nne, unapanda inayofuata. Lakini tiketi ya Eurostar ni ya treni moja, saa moja, kiti kimoja. Ukichelewa, inaweza kupotea.

Midi inajulikana pia kwa wezi wa mufuko. Mbinu yao ya kawaida ni hii: mumoja anakuuliza njia, mwenzake anabeba sakoshi yako. Pasporti na pesa vikae mwilini, si ndani ya valise. Na usimupe mutu usiyemujua mizigo akusaidie kubeba.

Central: kwa katikati ya muji

Central ni ndogo, voie sita tu, chini ya ardhi. Treni haikai pale muda murefu, kwa hiyo mwenye mizigo mingi ajiweke karibu na mulango mapema. Kutoka hapo, Grand-Place ni mwendo wa miguu wa dakika chache, na metro ya laini 1 na 5 inapita chini.

Central ndiyo nzuri pia kwa anayetaka kuona makumbusho ya Afrika ya Tervuren, yenye vitu vingi vilivyotoka kwetu Congo na iliyofunguliwa upya Desemba 2018. Tervuren haina gare ya treni. Panda metro laini 1 mpaka Montgomery, kisha tramu namba 44.

Nord: kwa wanaotoka ku ndege na kwa mabasi

Kutoka Zaventem, Nord ni ya kwanza kati ya zile tatu. Inafaa kwa jamaa wanaokaa Schaerbeek ao Saint-Josse. Mabasi ya mbali ya FlixBus yanasimama Nord, lakini kuna yanayosimama Midi pia. Usikisie: soma jina la kituo kwenye tiketi ya basi.

Luxembourg na Schuman: kwa Bunge, ofisi za Ulaya na Matonge

Watu wa société civile, wanahabari na watetezi wa haki kutoka mashariki wanaalikwa mara kwa mara kuzungumza mbele ya wabunge wa Ulaya. Bunge hilo liko karibu kabisa na gare ya Bruxelles-Luxembourg. Ofisi kuu ya Commission ya Ulaya, jengo la Berlaymont, iko Schuman.

Lakini soma barua ya mwaliko vizuri, juu Bunge la Ulaya liko na makao mbili. Lingine liko Strasbourg, inchi ya Ufaransa. Daktari Denis Mukwege alipopokea zawadi ya Sakharov mwaka 2014, sherehe ilifanyika Strasbourg, si Bruxelles.

Na Matonge? Hakuna gare yenye jina hilo. Mutaa huo wa Wakongomani, uliochukua jina la Matonge ya Kinshasa, uko Ixelles, karibu na Porte de Namur. Ni hapo, tarehe 30 Juni 2018, kulifunguliwa uwanja mudogo wenye jina la Patrice Lumumba. Kutoka Midi, panda metro laini 2 ao 6, shuka Porte de Namur, kwa Kiflama Naamsepoort. Kutoka gare ya Bruxelles-Luxembourg unaweza kutembea kwa miguu. Usichanganye na muji wa Namur: Porte de Namur ni kituo cha metro ndani ya Bruxelles, lakini Namur ni muji mwingine kama saa moja na treni.

Wanafunzi: kuna Louvain mbili

Kosa hili linawapata vijana wenye kupata nafasi ya masomo. Kulikuwa chuo kikuu kimoja cha kikatoliki cha Louvain. Mwaka 1968, kufuatia ugomvi wa luga, kikagawanyika. Upande wa Kiflama ulibaki Leuven, na unaitwa KU Leuven. Upande wa Kifaransa, unaoitwa leo UCLouvain, ulijengewa muji mupya: Louvain-la-Neuve.

Shida ni kwamba kwa Kifaransa Leuven pia inaitwa Louvain. Leuven iko mashariki ya Bruxelles, na treni inafika huko hata moja kwa moja kutoka Zaventem. Louvain-la-Neuve iko kusini-mashariki, na njia yake inapitia Ottignies. Mwanafunzi wa UCLouvain akishuka Leuven, amepotea. Tena, masomo ya udaktari ya UCLouvain hayako Louvain-la-Neuve. Yako Woluwe, ndani ya Bruxelles yenyewe, kituo cha metro Alma. Angalia anwani kwenye barua ya chuo, si jina la chuo tu.

London: usipande mbele ya kuangalia viza

Hapa ndipo kosa linaweza kuharibu safari yote. Treni ya London inatoka Midi, na mutu anaweza kufikiri ni safari kama ya Paris. Sivyo. Uingereza haimo ndani ya Schengen. Viza ya Ubelgiji haikuingizi London. Unahitaji viza ya Uingereza, na pasporti inakaguliwa palepale Midi mbele ya kupanda.

Kuna hatari ya pili. Kama viza yako ya Schengen ni ya kuingia mara moja tu, ukitoka kwenda London umeimaliza, hata kama tarehe zake hazijaisha. Hautaweza kurudi Bruxelles kuchukua ndege yako ya kurudi nyumbani. Angalia kwenye viza pahali penye kuandikwa idadi ya kuingia: kama ni 01, bakia ndani ya Schengen.

Cha kuandika kwenye karatasi

Simu inaweza kuzimika ao kuibiwa. Mugeni wako atoke nyumbani na karatasi moja, yenye haya:

1. Kiwanja cha ndege cha kufikia: Zaventem ao Charleroi.
2. Gare ya kushukia, kwa majina yake mbili.
3. Pahali kamili pa kukutana ndani ya gare: kwa mufano chini ya ubao mukubwa wa treni, ao mbele ya ofisi ya tiketi. Kusema tu «ku mulango» hakutoshi, Midi iko na milango mingi.
4. Anwani ya nyumba, pamoja na jina la commune: Ixelles, Anderlecht, Schaerbeek na zingine.
5. Namba mbili za simu za Ubelgiji, zikianza na +32.

Tiketi inunuliwe mbele ya kupanda, ku mashini, ku ofisi ao mu simu. Ukinunua ndani ya treni, bei inapanda. Kaa kwenye behewa lenye kuandikwa 2, juu 1 ni daraja la kwanza na linalipiwa zaidi.

Na wewe unayepokea mugeni kule Ubelgiji, usimwambie tena «tutakungojea ku gare». Mutajie gare gani.