Kasongo katika Simulizi ya Tippu Tip

Habari nyingi za Kasongo, mji wa Maniema mashariki mwa Kongo, kabla ya utawala wa Wabelgiji zimetoka kwa msimulizi mmoja, naye alikuwa mwenye maslahi katika kila alilolisimulia. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa kutoka Unguja, aliingia Maniema kama mgeni akaishia kuwatawala jirani zake. Uzeeni aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, naye Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903.

Sehemu inayotia wasiwasi kuliko zote ni ya nchi ya Utetera. Kabla ya kufika huko, Tippu Tip alikwisha kusikia kwamba dada wa mtawala, mzee Kasongo Rushie, alichukuliwa mateka zamani na watu wa nchi ya Urua. Akayashika majina yao. Alipofika, alijitambulisha kuwa mjukuu wa mwanamke huyo, ambaye eti babu yake alimpata huko Urua. Mzee alimpokea kama damu yake, akamwachia utawala. Wanahistoria wengi huuona undugu huo kuwa wa kubuni, na ushahidi wao mzito umo katika kitabu chenyewe, kwa kuwa msimulizi anaeleza alikozipata habari. Hajuti popote.

Kinachomshughulisha ni pembe. Hesabu ya frasila, kipimo cha uzito wa pembe, hurudi ukurasa baada ya ukurasa, ilhali vijiji vilivyochomwa na watu waliotekwa hupitiwa kwa maneno machache. Hata palipo na shahidi wa pili, mambo hayalingani: malipo ya kumsindikiza mvumbuzi Henry Morton Stanley kutoka Maniema mwaka 1876, Stanley aliyataja kuwa dola 5,000, Tippu Tip 7,000.

Anguko la mji wa Kasongo hakuliona. Aliondoka Maniema mwaka 1890, akamwacha mwanawe Sefu. Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya kamanda Dhanis liliuteka mji, na mwanzoni mwa 1894 ngome ya Kabambare nayo ikaanguka. Daktari wa jeshi hilo, Sidney Hinde, aliviandika vita hivyo katika kitabu cha mwaka 1897, kwa jicho la mshindi. Wazimba, Wakusu na wenyeji wengine, waliobeba pembe hizo na kulima mashamba yaliyoulisha mji, hawasemi kwa sauti yao katika kitabu chochote kati ya hivyo viwili.